Dai Lisilo na Shahidi: Juu ya Majibu ya Wanafunzi Wetu

Miongoni mwa mambo yatakiwayo kwa mwanafunzi, ni machache yasemwayo mara nyingi na kufundishwa kwa nadra kama hili: kujibu swali kwa maneno yenye ithibati. Mwalimu huandika pembeni mwa daftari, "Eleza zaidi," naye mwanafunzi, kwa utii wake, huongeza maneno. Lakini kuongezeka kwa maneno si kuongezeka kwa hoja. Katika makala hii nataka kuyachungua majibu yenyewe, kisha kutazama asili ya upungufu wake, na mwisho kusema yawezekanayo kufanywa darasani. Ili tusiseme kwa jumla tu, nitashika kitabu kimoja kijulikanacho na walimu wengi, yaani Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1951 na kusomwa shuleni kwa miaka mingi.

Kitabu hicho chafaa sana kwa kazi hii, kwa kuwa kiini chake ni mashtaka na utetezi. Karama ashtakiwa na waziri Majivuno kwa sababu ya kufundisha elimu ya sheria. Majivuno asema kwa ukali na kwa kujiamini. Karama, kwa muda wa siku sita, ajibu kwa kuleta habari za wajumbe sita waliopelekwa mashariki, kaskazini, magharibi, kusini, mbinguni na ardhini, ambao waliporudi na maarifa ya kuifaa nchi walitiwa kifungoni. Mjumbe wa kwanza aitwa Buruhani, na neno hilo maana yake ni ithibati, hoja iliyo wazi. Hata jina la nchi latoka katika kusadiki. Basi msomaji ana mbele yake watu wawili watakao kusadikiwa: mmoja kwa nguvu ya cheo, mwingine kwa kuonyesha mambo yaliyotendeka. Ni ajabu kwamba majibu ya wanafunzi juu ya kitabu hiki mara nyingi hufuata mwendo wa Majivuno, wala si wa Karama.

Tuchukue swali jepesi: "Je, Karama ni mtu jasiri?" Majibu nitakayoyaleta nimeyatunga kwa mfano, lakini kila mwalimu atayatambua. La kwanza ni hili: "Karama ni jasiri sana. Yeye hakuwa na hofu hata kidogo. Alikuwa na moyo mkuu tena aliipenda nchi yake. Kwa hiyo Karama ni jasiri." Sentensi ni nne, na lugha haina kosa. Lakini zitazame: ya pili yasema lililosemwa na ya kwanza, ya tatu yalirudia tena na kuongeza jambo lisiloulizwa, na ya nne yaanza kwa "kwa hiyo," kana kwamba kuna kitu kilichothibitishwa. Neno "kwa hiyo" limekuwa pambo tu.

La pili ni kinyume chake. Mwanafunzi huanza, "Karama alishtakiwa na Majivuno," akasimulia kitabu chote, mjumbe baada ya mjumbe, kurasa mbili, hata karatasi ikaisha. Huyu amesoma, tena amekumbuka, lakini hakujibu. Amewaleta mashahidi wote barazani akawaketisha, asimwulize hata mmoja. Walimu wengi humpa alama nyingi kwa kuwa jasho lake laonekana, naye hujifunza kwamba wingi wa habari ndio jibu.

Jibu lifaalo laweza kuwa fupi kuliko yote mawili: "Karama ni jasiri, kwa maana aliyajua yaliyowapata wajumbe sita waliotangulia. Wao walileta maarifa mapya wakafungwa. Naye, akiwa ameshtakiwa kwa jambo la namna hiyo hiyo, aliwataja mmoja mmoja mbele ya wakubwa wa nchi iliyowafunga. Mtu asiyeijua hatari hawezi kuitwa jasiri. Karama aliijua, kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyeisimulia." Hapa kuna mambo matatu. Kuna dai: ni jasiri. Kuna shahidi: habari ya wajumbe. Na kuna kiungo, yaani maneno yaonyeshayo kwa nini shahidi huyo alithibitisha dai hilo. Jibu la kwanza lilikuwa na dai pasipo shahidi. La pili lilikuwa na mashahidi pasipo kiungo. Na kiungo ndicho kigumu kuliko vyote, kwa kuwa hakipatikani kitabuni. Hutoka katika akili ya mwanafunzi mwenyewe.

Asili ya upungufu huu ni nini? Wengine husema kwamba mila zetu hazikufundisha kutoa ithibati. Neno hilo si kweli. Katika lugha yetu kudai ni kwanza kutaka haki yako, kama adaivyo mtu fedha aliyokopesha. Na mwenye kudai hutazamiwa aonyeshe. Kwa kadhi wa pwani, mwenye dai ndiye atakiwaye kuleta ushahidi, naye akanushaye huapishwa. Hata katika baraza la kijiji mzee huuliza, "Nani alikuona ukimpa?" kabla hajauliza jambo lingine. Mtoto asikiaye maneno hayo nyumbani haji shuleni mtupu.

Lakini zipo desturi mbili zenye uzuri wake ambazo, zikiingizwa darasani bila kufikiri, huleta madhara. Ya kwanza ni kitendawili. Kitendawili hutegwa, nacho kina jibu lake moja lililokwisha kukubaliwa. Ajuaye hulitaja, asiyejua hutoa mji. Hapana aulizwaye sababu. Ya pili ni methali. Mwanafunzi huona kwamba akimaliza jibu kwa methali, amelifunga kwa kufuli. Lakini methali si shahidi. Yuko asemaye, "Haraka haraka haina baraka," na jirani yake asema, "Ngoja ngoja huumiza matumbo". Nao wote wawili wana methali. Methali huipa hoja nguo nzuri; mwili wa hoja sharti utoke mahali pengine.

Na sisi tuliolelewa katika shule za misheni hatuna budi kutaja jambo la tatu, yaani katekisimu. Swali huulizwa kwa maneno yaliyowekwa, na jibu hutolewa kwa maneno yaliyowekwa. Kwa kuyahifadhi yapasayo kuhifadhiwa, njia hiyo ni njema, wala siilaumu. Kosa ni kuichukua njia ya kuhifadhi na kuifanya njia ya kuchungua. Mwalimu aulizaye juu ya Karama kwa sauti ile ile aulizayo katekisimu atapata majibu ya namna ile ile: upesi, kwa pamoja, na bila sababu.

Siku hizi kosa hilo limepata msaidizi, nayo ni miongozo iuzwayo madukani. Humo Karama amepangiwa sifa zake kwa nambari: jasiri, mvumilivu, mzalendo, mwenye busara, na mbele ya kila sifa, tukio moja. Mtu aweza kusema, "Basi mwongozo waleta ushahidi, walalamika nini?" Jibu langu ni hili. Shahidi aliyefundishwa maneno nje ya baraza hutambulikana mara aulizwapo swali la pili. Mwambie mwanafunzi wa mwongozo, "Mwenzako asema kwamba Karama si jasiri, ni mwerevu tu, alijua kwamba wasikilizaji watapenda kusikia habari za safari. Utamjibu nini?" Atanyamaza, kwa kuwa swali hilo halimo katika orodha. Yule aliyekiunga kiungo chake mwenyewe atakuwa na la kusema. Huenda akakubali kwamba Karama alikuwa yote mawili, akaonyesha mahali pa kila moja.

Hata hivyo tusiitupie miongozo lawama yote. Miongozo hufuata maswali. Swali likisema, "Taja sifa tano za Karama," mwanafunzi ataleta orodha, na ni haki yake, kwa kuwa orodha ndiyo iliyotakiwa. Swali likisema, "Karama aliokolewa na ukweli wa maneno yake, au na namna yake ya kuyasema?" hapo hapana orodha itakayomfaa, sharti arudi kitabuni. Mwalimu atakaye majibu yenye ithibati na aanze kwa kutengeneza maswali yake.

Baada ya hapo, mambo matatu yafaa kufanywa. Kwanza, jibu lisemwe kabla ya kuandikwa. Mmoja atoe dai. Wa pili alete mahali kitabuni. Wa tatu aseme kwa nini mahali hapo pathibitisha, au hapathibitishi. Hata darasa la watoto 60 laweza kufanya hivi kwa robo saa. Pili, mazoezi ya kwanza yaandikwe kitabu kikiwa wazi, ili nguvu ya mtoto isiishie katika kukumbuka. Tatu, mwalimu aache kuandika "Eleza zaidi," aandike moja ya maneno mawili: "Wapi?" pale dai lilipokosa shahidi, na "Kwa nini?" pale shahidi alipokosa kiungo. Maneno hayo mawili humwonyesha mwanafunzi ugonjwa wake ni upi. Lile la kwanza lilimwambia tu kwamba ni mgonjwa.

Wako watakaosema kwamba kazi hii ni ya polepole, na mtihani hausubiri. Ni kweli kwamba ni ya polepole. Swali moja lililojibiwa hivi laweza kula kipindi kizima, ambapo kwa njia ya zamani yangejibiwa kumi. Lakini tuangalie mwanafunzi huyu aendako. Kesho atakuwa mzee wa kanisa, au mjumbe wa baraza la kijiji, na ataletewa mtu aliyesemwa kuwa ameiba, au mama mzee aliyesemwa kuwa ni mchawi. Aliyezoea kuandika, "Ni jasiri, kwa kuwa ni jasiri," na kupewa alama, hataona shida kusema, "Ni mchawi, kwa kuwa ni mchawi." Yule mwenzake aliyeulizwa "Wapi?" na "Kwa nini?" miaka yote ya shule atauliza maneno hayo hayo barazani, na huenda mtu asiye na kosa akarudi nyumbani kwake salama.

Shaaban Robert alimaliza kitabu chake kwa Karama kuwekwa huru na wajumbe kutolewa kifungoni. Hayo hayakupatikana kwa kupaza sauti, bali kwa dai lililoletewa mashahidi wake sita, mmoja kila siku, hata wasikilizaji wakaona wenyewe. Tukisoma kitabu hicho pamoja na watoto, tusiwafundishe kumsifu Karama tu. Tuwafundishe na kazi yake.