Eddy Hashindi Peke Yake

"Si wewe uliyenipiga, ni Eddy." Kaa alasiri moja katika kibanda cha gemu Walukuba mjini Jinja, au Namakwekwe mjini Mbale, nawe utayasikia maneno hayo. Yatasemwa kwa Kisoga, kwa Kigisu, kwa Kiganda au kwa Kiswahili cha sokoni, lakini msemaji ni yule yule: kijana aliyetoka kuangushwa, anayemkabidhi pedi mwenziwe wa foleni huku ameuma mdomo. Anachodai ni kwamba mpinzani wake hana ustadi wowote, amechukua tu mhusika anayembeba. Dai hilo nalipa uzito wake wote. Wacheza gemu ya mapigano ya Tekken wa dunia nzima wanabishana juu yake hadi leo: ushindi ni wa mkono ulioshika pedi, au ni wa yule aliyechaguliwa kwenye skrini?

Eddy Gordo aliingia na Tekken 3, iliyofika kwenye PlayStation mwaka 1998. Ni Mbrazili, anapigana kwa capoeira, na miondoko yake ilinakiliwa kutoka kwenye mwili wa mwalimu halisi wa sanaa hiyo, Marcelo Pereira. Anasimama kwa mikono, analala chali, anainuka kwa teke, anazunguka kabla hujajua kichwa chake kiko wapi. Mtoto ambaye hajawahi kushika pedi akivibonyeza ovyo vitufe viwili vya mateke, kinachotokea kinafanana na ufundi. Ndiyo maana wakongwe wa vibandani wanamchukia, na ndiyo maana kuna vibanda ambako kumchagua ni utovu wa adabu.

Sasa watazame wazee wanaocheza omweso kivulini. Ubao una mashimo 32 na kete 64, na kila mchezaji anaanza na kete zake 32. Kete zangu hazina nguvu kuliko zako. Nikishindwa, nimeshindwa mimi, na sina wa kumsingizia. Katika Tekken, kinyume chake, usawa huo haupo tangu mwanzo. King ni mwana mieleka, mzito, anayetaka kukukamata. Law ni mwepesi wa ngumi. Hwoarang ana mateke ya taekwondo yanayofuatana bila kukupa nafasi ya kupumua. Wacheza wakubwa wanazipima tofauti hizi kwa tarakimu. Wakisema fulani anamla fulani sita kwa nne, maana yake ni kwamba wachezaji wawili wenye ustadi sawa wakicheza mechi 10, mmoja atachukua 6 kwa sababu tu ya aliyemchagua. Kwa hiyo mlalamikaji wetu ana hoja. Wahusika hawalingani, na waliounda mchezo huu hawakukusudia walingane.

Lakini angalia namna mashine yenyewe inavyofanya kazi. Tekken inaonyesha picha 60 kwa sekunde, ambazo wachezaji huziita fremu. Ngumi ya kawaida ya haraka inafika kwa fremu 10, yaani moja ya sita ya sekunde. Jicho likiona na kidole kikiitikia, hata kwa kijana mwepesi, imekwisha kupita karibu robo ya sekunde, ambayo ni fremu 15. Ngumi ile haionekani kwa wakati. Hakuna binadamu anayeikinga kwa kuiona. Anaikinga kwa kujua kwamba wakati wake umefika. Vivyo hivyo, pigo likikingwa humwacha aliyelipiga wazi kwa fremu kadhaa, na upungufu huo ukifika 10, ngumi ya mpinzani itampata kabla hajajikusanya. Mchezaji hodari anabeba kichwani mamia ya mapigo ya namna hii: lipi likikingwa linaadhibiwa, lipi haliadhibiwi, lipi linaonekana hatari kumbe limemwacha mwenyewe uchi. Wasioujua mchezo husema ni wepesi wa vidole. Mimi nasema ni elimu, na ni elimu pana kuliko nyingi tunazozipa vyeti.

Kitu kimoja katika elimu hiyo hunivutia kuliko vyote, nacho ni kujinasua mikononi mwa King. King akikukamata, una chini ya nusu sekunde ya kuchagua kitufe sahihi cha kujitoa, na ishara ni moja tu: mkono unaotangulia. Ukitangulia wa kushoto, kitufe hiki; wa kulia, kile; ikija yote miwili, vyote viwili kwa pamoja. Kijana mmoja wa Walukuba, ambaye mchana huziba pancha za boda, nilimwona akijinasua mara baada ya mara, macho yake yakiwa mabegani mwa King na si kwenye uso wala miguu. Aliyekuwa na King alikuwa amezoea kumaliza mechi kwa mikamato hiyo. Kwa dakika chache mhusika yule wa kutisha aligeuka mzigo kwa mwenyewe, maana silaha yake kubwa ilikuwa imenyang'anywa. Tarakimu za King hazikubadilika. Kilichobadilika ni nani aliyeketi upande wa pili.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaoweka mhusika upande mmoja na ustadi upande wa pili. Kumjua mhusika wa mwenzako ni sehemu ya ustadi, tena sehemu kubwa. Na elimu hiyo haipatikani peke yako. Unaipata kwa yule anayekaa kando yako kila jioni, basi unachokijua kinategemea unaishi wapi.

Kutoka Jinja hadi Mbale, ukishika njia ya Iganga kisha barabara ya Tirinyi, ni takriban kilomita 150. Si mbali kwa takisi. Kwa Tekken ni mbali sana. Kibanda hakina wahusika wote hata kama mashine inao: kina wale wanaochezwa na mabingwa wake, na wale waliozuka ili kuwajibu. Jinja nilikuta Law na Hwoarang kila upande, mchezo wa kasi, wa kushambulia kwanza. (Umeme ukikatika, nao hukatika hata katika mji huu wenye bwawa tangu mwaka 1954, foleni haivunjiki, mabishano yanaendelea kwa mdomo, pigo kwa pigo.) Mbale nilimkuta mtu mzima mmoja, mwuza nguo za mtumba, anayecheza Yoshimitsu na hamtaki mwingine. Yoshimitsu ana upanga, anazunguka juu yake, anakaa chini kutafakari huku uhai wake ukimrudia taratibu. Si mhusika mwenye nguvu sana. Ila vijana wa Jinja hawakuwa naye nyumbani, na walipopanda Mbale walianguka mmoja mmoja kwa mapigo ambayo watoto wa Namakwekwe wanayakinga wakizungumza.

Mfano mkubwa wa jambo hili uko mbali na Uganda. Mwezi Februari 2019, katika mashindano ya EVO Japan mjini Fukuoka, kijana wa Lahore aitwaye Arslan Siddique, anayejulikana kama Arslan Ash, aliwapita mabingwa wa Korea na Japani ambao wengi walikuwa hawajawahi kumsikia. Agosti mwaka huo huo akatwaa EVO ya Las Vegas pia, akimshinda katika fainali Mkorea Bae Jae-min, maarufu kwa jina la Knee. Alieleza kwamba kwao wako wengine wanaolingana naye. Watu walidhani ni unyenyekevu, mpaka mwanzoni mwa mwaka 2023 Mpakistani mwingine, Atif Butt, alipochukua fainali za dunia za Tekken mjini Amsterdam. Lakini anayenigusa zaidi ni Knee. Yeye, mwenye jina kubwa kuliko yeyote katika mchezo huu, alifunga safari hadi Pakistan kwenda kukaa na vijana wale, apigwe, ajifunze. Hakusema amepigwa na mhusika. Alikwenda kutafuta elimu mahali inapokaa.

Sisi Afrika Mashariki hatuna sababu ya kuliona jambo hili geni. Kenya imempata Sylvia Gathoni, QueenArrow, aliyesajiliwa mwaka 2018 na timu ya kimataifa kwa ajili ya Tekken. Na hapa Uganda, kabla ya pedi, tulikuwa na ulingo wa ndondi. Ayub Kalule, bingwa wa dunia wa ridhaa mjini Havana mwaka 1974, akawa bingwa wa dunia wa kulipwa mwaka 1979. Cornelius Boza-Edwards alitwaa taji lake mwaka 1981, Kassim Ouma mwaka 2004. Wote watatu ni mashoto. Bondia mashoto amepigana na watu wa mkono wa kulia maisha yake yote, kwa kuwa ndio wengi. Wao wamekutana na watu wa aina yake mara chache. Ngumi zinatoka pembe wasiyoizoea, mguu wake wa mbele unagongana na wao, na kila anayejua kazi hii anapigania kuuweka mguu wake nje ya ule wa mwenzake. Kushoto hakuna nguvu za ajabu. Faida yake ni uchache. Ni Yoshimitsu wa Mbale kwa damu na nyama.

Na faida ya uchache inapungua mbele ya aliyeisoma. Tarehe 25 Juni 1981, mjini Houston, Kalule alipanda ulingoni bila kushindwa hata pambano moja la kulipwa. Aliyekuwa mbele yake, Sugar Ray Leonard, alikuwa amepanda uzito kumfuata. Kalule alimsumbua kweli kweli, raundi baada ya raundi, na mashabiki wengi wanalisahau hilo kwa sababu wanakumbuka mwisho tu: raundi ya tisa, Kalule chini, mwamuzi amesimamisha. Sioni aibu yoyote kwa Kalule. Naona mtu aliyemlazimisha mmoja wa mabondia bora wa karne ile kulitatua fumbo lake ana kwa ana, huku akipigwa.

Hata hivyo, elimu haimalizi kila kitu, na kumwambia kijana aliyepigwa kwamba tatizo lote ni uvivu wake ni kumwonea. Mwishoni mwa mwaka 2019 Tekken 7 ilimwongeza mhusika mpya, Leroy Smith, mzee mwenye wing chun aliyekuwa na jibu kwa kila kitu. Mwezi uliofuata, katika EVO Japan, wachezaji 6 kati ya 8 wa mwisho walikuwa wamemchagua yeye. Watu hao walikuwa wamesoma, walikuwa na mikono ya dhahabu, na elimu yao yenyewe ndiyo iliyowaambia wamchukue Leroy. Ikabidi watengenezaji wampunguze nguvu. Kwa hiyo lipo baki ambalo mchezaji halifuti kwa kujifunza. Atakayemwacha mhusika wake wa miaka yote kwa ajili ya baki hilo simlaumu. Atakayebaki naye, akijua hesabu inasema 4 kwa 6, akaingia hata hivyo na kuzitafuta zile 4, huyo namvulia kofia.

Yule mwuza mitumba wa Mbale alinionyesha kitu kingine tena. Kijana wa Jinja alikuwa amepigwa mechi mbili kwa upanga unaoshuka wima, pigo ambalo halikingiki. Kwa kanuni ya kibanda, mshindi anabaki na aliyeshindwa anatoka, na mzee angeweza kuitisha anayefuata. Akamzuia. "Usikinge, mdogo wangu. Toka pembeni hatua moja, halafu nirudishie." Akaufanya upanga ule polepole, makusudi, kijana akatoka pembeni mapema mno, akaufanya tena, akachelewa, mara ya tatu ukapita hewani. Foleni nyuma yao ilianza kunung'unika, naye akaiambia ingoje. Wakacheza mechi ya tatu ya kweli. Upanga ulishuka, kijana akahama, ngumi ikaingia, na Yoshimitsu akalala. Mzee alicheka kwa sauti, akawaita watoto wa nje waje waone alivyopigwa kwa dawa yake mwenyewe, kisha akasogea kwenye benchi kumwachia mgeni nafasi ya kucheza na anayefuata.