Benchi la Zahanati: Kifo cha Uhuru katika Kidagaa Kimemwozea

Riwaya ya Kidagaa Kimemwozea (2012) ya Ken Walibora ilipokuwa ikitahiniwa, hadi mwaka wa 2017, watahiniwa walizoea kukitumia kifo cha mtoto Uhuru kama hoja moja tu: ukosefu wa uwajibikaji. Waliiandika, wakatuzwa alama, wakasonga mbele. Naona hapo palipotea kitu kikubwa.

Hebu tuitazame sehemu yenyewe. Amani na Imani wanamfikisha mtoto mgonjwa zahanatini. Wauguzi wana gumzo lao. Mtoto anakufa, na waliombeba ndio wanaotiwa korokoroni. Swali la mhakiki ni hili: msimulizi amesimama upande wa nani? Amesimama na waliombeba mtoto. Msomaji naye anangoja pamoja nao, na kungoja huko ndiko kunakomuuma. Hiyo ni kazi ya usimulizi. Orodha ya sifa za wahusika haiwezi kuifanya.

Kutoka hapa Khayega hadi mjini Kakamega, kwenye tawi la chuo cha mafunzo ya utabibu (KMTC), ni mwendo mfupi wa matatu. Baadhi ya watahiniwa wetu ndio watakaoitwa usiku kwenye wadi ya watoto. Kule Marekani, Daktari Rita Charon wa Chuo Kikuu cha Columbia aliwaanzishia wanafunzi wa udaktari zoezi la kuandika, kwa lugha ya kawaida, yale ya mgonjwa yasiyo na nafasi katika faili ya hospitali, kisha kuwasomea wenzao. Zoezi hilo ni fasihi tupu, nasi tunaifundisha kila wiki!

Hata hivyo, nina lawama kwa mwandishi. Wauguzi wake ni wahusika bapa. Kwa kejeli ya riwaya wanafaa; kwa mkufunzi wa matabibu hawatoshi, kwani mwanafunzi atawachukia tu na kujiona si mmoja wao.

Kwa hivyo, mwalimu mwenzangu, mwagize mtahiniwa aisimulie upya sehemu hiyo katika nafsi ya kwanza, kwa sauti ya muuguzi, bila kumtetea wala kumtukana. Nilipolijaribu zoezi hili darasani, wengi walimtetea. Msichana mmoja aliandika nusu ukurasa, akakwama pale muuguzi anapogeuka na kumwona mtoto. Aliniuliza muuguzi awaambie nini waliomleta. Nilimwambia akae kidogo, afikirie. Kusema kweli, nami nilikuwa nafikiria.