Santuri Zisizo na Jina

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ingeweza kuwa kanuni ya wapenzi wa tekno na dipu hausi, muziki wa kucheza wa aina mbili uliozaliwa Detroit na Chicago, nchini Marekani, katika miaka ya 1980. Mpenzi wa muziki huu haridhiki na santuri iliyotangazwa. Huingia dukani, akapekua makasha, akaitafuta ile ambayo karatasi yake ya katikati ni nyeupe tupu, au imepigwa muhuri kwa mkono. Kisha huweka sindano juu yake na kuliachia sikio hukumu. Swali linalompasa mhakiki ni hili: je, kukosa jina huizidishia santuri thamani?

Hoja ya wanaosema ndiyo haifai kudharauliwa, kwa sababu jina kubwa hulitangulia sikio na kulifunga. Huko Berlin, Moritz von Oswald na Mark Ernestus walianza mwaka 1993 kutoa santuri kwa alama ya Basic Channel, na maandishi ya karatasi zake yalivurugwa makusudi, hata yakawa shida kusomeka. Msikilizaji hakubakiwa na kitu ila mlio: pigo moja la kinanda lirudiwalo, likizama na kuibuka katika mwangwi, mpaka badiliko dogo mno likawa tukio kubwa. Detroit nako, kundi la Underground Resistance, ambalo Mike Banks ni nguzo yake, lilificha nyuso kwa vitambaa ili kazi itangulie sura. Fundi Ron Murphy, aliyechonga mifuo ya santuri nyingi za mji huo, aliacha maneno mafupi yamekwaruzwa karibu na karatasi ya katikati, mahali pasipo na muziki. Mwenye kuyataka sharti aigeuzegeuze santuri penye mwanga. Siri ya namna hii ina adabu ndani yake: humwalika msikilizaji akaribie.

Walakini kujificha si sawa na kufichwa. Larry Heard wa Chicago, mpiga ngoma aliyegeukia vinanda vya umeme, alitoa “Can You Feel It” mwaka 1986 kwa lakabu ya Mr. Fingers. Vyombo vyake ni vichache: midundo ya mashine, sauti nzito inayotembea bila haraka, na juu yake sauti pana za kinanda zilizotanda kama wingu. Hakuna kinachopigiwa kelele, na moyo huguswa. Tungo hiyo huhesabiwa miongoni mwa misingi ya dipu hausi. Chema kilijiuza, tena kikavuka bahari. Lakini mwaka 2020 Heard na mwimbaji Robert Owens iliwabidi kwenda mahakamani kudai haki za kazi zao za zamani kwa kampuni ya Trax, iliyozitoa. Shauri lilimalizika kwa mapatano mwaka 2022, wakarudishiwa haki hizo. Tangu santuri kutoka ilikuwa imepita miaka 36.

Kwa hiyo apekuaye makasha ana mambo mawili ya kupima. La kwanza ni kwamba uadimu ni habari ya kiwanda, wala si sifa ya tungo. Tungo mbovu iliyotolewa kwa nakala chache ni mbovu vilevile, hata ikinunuliwa kwa fedha nyingi. Santuri njema hustahimili kutajwa: siku jina la mtunzi linapojulikana, haipungukiwi na kitu. La pili ni deni. Aliyevumbua santuri gizani hakuitunga. Amepata tu bahati ya kuisikia mapema. Akiificha ili ajivunie peke yake, anamnyima mtunzi wasikilizaji ambao kazi yake inawastahili. Mtunzi aliyechagua kujificha aheshimiwe katika uchaguzi wake. Aliyefichwa na wengine atajwe, tena alipwe.

Chema na kijiuze basi, ila thamani yake ifike mikononi mwa aliyekitenda.