Mahali Mwanga Ulipoingilia

Mkanda wa picha ukipata mwanga, wapigapicha husema umeungua, na kwa wengi habari huishia hapo. Picha zinatupwa, kamera inalaumiwa, kisha inazungushiwa utepe mweusi kila upande na kurudishwa kazini kwa bahati nasibu. Mimi nauheshimu ufundi unaoanzia pale wengine wanapokata tamaa: kuketi na mkanda ulioungua, kuusoma, na kutamka kwa yakini kwamba mwanga uliingilia hapa. Kiraka anaweza kubandika yeyote mwenye gundi. Kulijua tundu kabla ya kuligusa, hiyo ndiyo kazi.

Kamera iliyonifanya niupende ufundi huu ilitoka Mbwera, katika delta ya Rufiji, wilayani Kibiti. Ni Yashica Electro 35, aina iliyoingia sokoni mwaka 1966, na mwenyewe ni mzee aliyekuwa akipiga picha za harusi katika vijiji vya jirani. Enzi hizo picha ya deltani ilikuwa na safari ndefu. Mpigapicha alivuka mito kwa mashua, akifuata maji yanavyojaa na kupwa. Mkanda wa picha 36 ulimalizika baada ya wiki kadhaa. Ndipo ulipopelekwa Dar es Salaam kusafishwa. Majibu yaliporudi, bibi harusi alikuwa ameshazoea kwake, na hakuna wa kumwambia avae shela upya. Baka jekundu usoni mwa shangazi yake halikuwa jambo dogo.

Mzee alinipa kamera pamoja na bahasha ya negativu na picha. Kamera nikaiweka kando. Anayekimbilia kamera kwanza hutazama mahali anapodhani pana tundu, na akilini mwake tundu litaonekana tu; negativu haina dhana.

Kwanza nilitazama mipaka. Baka likibaki ndani ya fremu, mwanga umepitia mbele: kwenye lenzi, kwenye mikunjo ya ngozi ya kamera za zamani, au kwenye pazia. Zenit za Kisovieti, kwa mfano, zina pazia la kitambaa, na kitambaa kikitoboka huacha doa lisilovuka mpaka wa fremu. Mabaka ya Mbwera yalivuka. Yalitambaa juu ya vitobo vya pembeni hadi kwenye ukingo wa mkanda, kwa hiyo mlango wa nyuma ndio wa kushukiwa.

Rangi ikathibitisha. Mkanda wa rangi una tabaka tatu: lililo karibu na lenzi hupokea buluu, la kati kijani, la chini kabisa nyekundu. Mwanga unaotoka mbele huzipiga zote, na picha hupata ukungu mweupe. Unaotoka mgongoni huchujwa na rangi ya chungwa ya mkanda wenyewe, kisha hukutana na tabaka la nyekundu kabla ya mengine. Ndiyo maana baka la nyuma huwa jekundu au la chungwa, na haya yalikuwa mekundu kama pilipili.

Tundu lilikuwa upande gani? Kwenye picha, baka lilikuwa juu kushoto. Lakini lenzi huigeuza sura ya kila kitu, juu ikawa chini na kushoto ikawa kulia, wakati mwanga unaovuja haupiti kwenye lenzi na wala haugeuzwi. Baka la juu kushoto ni tundu la chini kulia, na kulia, kwa aliyeishika kamera hii, ndiko iliko bawaba ya mlango. Picha alizozipiga kwa kuisimamisha kamera wima zilionyesha baka mahali pengine, ila kwenye negativu lilikuwa ukingo uleule.

Kinachonivutia kuliko yote ni muda. Mabaka hayakuwa na nguvu sawa. Nilizipanga negativu kwa namba zilizochapwa ukingoni, nikaona picha zilizopigwa mfululizo, za ngoma na za kulishana keki, ziko safi kabisa. Kisha inakuja moja iliyoungua vibaya, halafu usafi tena. Kila iliyoungua ilikuwa ya mwisho kabla kamera haijapumzishwa. Hiyo ndiyo iliyobaki karibu na bawaba, wakati wenzake wameshajisokota ndani kwa ndani, salama. Tundu, basi, lilikuwa dogo sana. Lilihitaji saa nyingi za jua ili kudhuru. Nikamuuliza, "Mzee, ukiwa safarini kamera huiweka wapi?" Akajibu, "Begani, mwanangu. Mkoba wake ulioza zamani." Ile picha moja ilikuwa imevuka delta nzima juani.

Hapo ndipo nilipoichukua kamera. Nilitia tochi ndogo ndani, nikafunga mlango, nikakaa katika chumba chenye giza totoro. Macho huhitaji kama nusu saa kuzoea giza, na wengi huondoka kabla yake wakasema hakuna kitu. Mstari mwembamba wa mwanga ulijitokeza chini ya bawaba.

Sababu ni sifongo nyeusi inayozibia mlango. Kwa unyevu huvunjikavunjika na kuwa ulimbo unaonata kama lami, na Mbwera, kati ya mikoko na bahari, unyevu haupumziki. Wala gundi delta hii haijawahi kuihurumia. Mwaka 1915 Waingereza walipoiwinda manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyojificha katika mito hii hadi ilipozamishwa Julai 11, baadhi ya ndege zao zilishindwa na hali ya hewa: joto na unyevu viliachanisha mbao zilizounganishwa kwa gundi.

Wenyeji wanaujua vizuri ugumu wa kutafuta tundu kwa vyombo vyao vya majini. Kalafati, fundi wa kuziba nyufa za mashua, hawezi kulitafuta tundu mahali maji yalipokusanyika, kwa sababu maji huingilia popote kisha huteremkia ngamani. Mwanga nao ni hivyo, ila wenyewe huacha anuani kwa anayejua kuisoma.

Matengenezo hayana mengi. Ulimbo niliukwangua kwa njiti ya kibiriti na pamba yenye spiriti, nikiwa mwangalifu usidondokee ndani. Kwenye mifereji nikalaza uzi mweusi wa sufu, na kwenye bawaba kipande cha mahameli. Nikapiga nusu ya mkanda, nikaiacha kamera juani kutwa nzima, nikamalizia nusu ya pili. Hakuna kilichoungua.

Ninawaomba wenye kamera za zamani jambo moja. Mkipeleka mkanda kusafishwa, ombeni usikatwe vipande, hata kama umeungua, na andikeni mahali kamera ilipopumzika na kwa muda gani. Negativu za mzee zilikatwa nne nne, nyingine zikapotea, na bila zile namba za ukingoni nisingejua ipi ilitangulia na ipi ilisubiri jua.