Sikio la Bikizee: Wokovu na Upatanisho katika Hadithi ya Masala Kulangwa

Ni chache hadithi za Wasukuma zilizowavutia wafasiri wa imani ya Kikristo kama ile ya zimwi Shing'weng'we na kijana Masala Kulangwa. Zimwi lawameza watu wote na mifugo yao. Mwanamke mmoja mwenye mimba ajificha katika rundo la makapi, akasalimika. Mwanawe akuapo auliza waliko watu wengine, na akiisha kuambiwa aenda kulitafuta zimwi. Mara ya kwanza arudi na panzi, mara nyingine na ndege, na kila mara mama amwambia kwamba huyo siye. Mwishowe aliua zimwi lenyewe, alipasua, na watu watoka wazima, baba yake akiwa miongoni mwao.

Joseph Healey na Donald Sybertz, mapadre wa Maryknoll, waliileta hadithi hii katika kitabu chao Towards an African Narrative Theology cha 1996, wakimlinganisha kijana huyo na Kristo. Sybertz alifanya kazi miaka mingi katika Shinyanga, wala ulinganisho huo si wa kubahatisha. Wokovu katika hadithi ni jambo la kushikika: watu walikuwa tumboni, sasa wamo nje. Ndiyo maana ya kwanza ya kitenzi kuokoa, kumtoa mtu katika hatari.

Walakini kuokoa si kupatanisha. Waliomezwa hawakukosa neno, zimwi halikuwadai, hakuna aliyelipa. Kwa hiyo hadithi yaafikiana na fundisho lililoelezwa na Gustaf Aulén katika kitabu chake kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1931, kwamba msalaba ni ushindi juu ya adui. Haina habari na Anselm wa Canterbury, aliyemaliza mwaka 1098 kitabu chake juu ya deni ambalo mwanadamu hawezi kumlipa Mungu. Mwenye kutaka kuieleza kwa hadithi hii ile sura ya tatu ya Warumi, ambapo Biblia ya Union ya 1952 yatumia neno upatanisho, ataikuta kimya.

Isipokuwa mahali pamoja, na ni ajabu kwamba mahali hapo huonekana kama nyongeza tu. Kijana alipokuwa akilipasua zimwi, kisu kilimkata bikizee mmoja sikio. Bikizee akakasirika, akamtukana, akataka kumroga. Masala Kulangwa hakumwua. Alitafuta dawa, akamponya. Ndipo watu walipomfanya mtemi.

Msikilizaji wa Shinyanga haambiwi uzito wa kisa hicho. Katika nchi hiyo, hasa katika miongo ya mwisho ya karne ya 20, vikongwe wengi waliuawa kwa kudhaniwa wachawi, na macho mekundu, ambayo moshi wa jikoni watosha kuyaleta, yalihesabiwa ushahidi. Hadithi yamweka mbele ya shujaa bikizee ambaye kweli ataka kuroga, nayo yasema kwamba hasira yake ina sababu, na sababu hiyo ni jeraha alilotiwa na mwokozi mwenyewe. Hapa ulinganisho na Kristo wakatika, maana Waraka kwa Waebrania wasema hakuwa na dhambi, na Masala Kulangwa amekosa, hata kama si kwa kusudi. Lakini hapa tu ndipo hadithi ionyeshapo upatanisho ni nini: aliyeumizwa ajulikana, na jeraha lake latibiwa.

Jambo hili lagusa uteuzi wa maneno. Katika sheria ya Kiislamu, iliyolipa neno kafara maana yake, aliyevunja kiapo hulisha maskini 10. Mkosaji ndiye atoaye. Katika machimbo ya dhahabu ya Geita na Kahama neno hilo limegeuzwa. Kafara huko limekuwa jina la kile ambacho mganga hutaka ili shimo litoe mali: hakuna kosa linaloondolewa, na atolewaye ni mwingine. Tangu 2007 watu wenye ualbino waliuawa katika Kanda ya Ziwa kwa imani hiyo, na Septemba 2009 mahakama iliyokaa Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumwua mvulana wa miaka 14 wa Bukombe. Mhubiri amwitaye Kristo kafara katika kijiji cha wachimbaji hana budi kujua kwamba aweza kueleweka kuwa asema Mungu naye alitaka mwili wa mtu asiye na hatia.

Fidia, neno la Marko 10:45, halina damu hiyo, ila lina karatasi: kwa watu waliohamishwa kupisha migodi, fidia ni fedha iliyokadiriwa na mthamini kwa nyumba na miembe. Ukombozi ni bora kidogo, kwa kuwa bado hukumbusha kitu cha mtu kilichowekwa rehani.

Upatanisho lina upungufu wa kuwa jina tupu, lisiloonyesha nani amekosana na nani. Upungufu huo ndio uzibwao na sikio la bikizee. Mfasiri aishiaye pale watu watokapo tumboni apata wokovu wenye shangwe, na amwacha mwanamke mmoja akivuja damu kando ya ngoma.