Jina la Watu na Jina la Mungu Wao: Mfano wa Wanyakyusa

Sokoni Mwanjelwa, jijini Mbeya, Msafwa humwita jirani yake Mnyakyusa, naye huitika bila kusita. Vitabuni mambo hayakuwa mepesi hivyo. Wamisionari wa Kijerumani waliofika Rungwe mwaka 1891 waliiita nchi hiyo Konde. D. R. Mackenzie, mmisionari wa Kiskoti, alilitumia jina hilo katika kitabu chake cha mwaka 1925, ambacho hata jalada lake liliwataja watu hao kuwa wametawaliwa na pepo. Nyakyusa, lililokuwa jina la kundi moja tu, lilienea zaidi wakati wa utawala wa Waingereza, likawakusanya pia Wakukwe na watu wa Selya. Konde halikufa, kwani KKKT ingali na Dayosisi ya Konde. Hata hivyo, katika kamusi yafaa lielezwe kuwa jina la kihistoria, lisije likachanganywa na Wamakonde.

Kasoro kubwa zaidi imo katika istilahi za dini. Waandishi wetu kadhaa wameridhika na neno "upagani". Neno hili halielezi imani yoyote. Hutuarifu tu kwamba mtu si Mkristo wala Mwislamu. Istilahi inayomtambulisha mtu kwa kile asichokuwa nacho haistahili kuitwa istilahi.

Tuchukue neno Kyala. Monica Wilson, aliyefanya utafiti Rungwe pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, alieleza mwaka 1959 kwamba Kyala alikuwa mmoja wa mashujaa wa kale waliotambikiwa, kama Lwembe alivyotambikiwa Lubaga. Wamisionari walilitwaa jina hilo wakamwitia Mungu wa Biblia. Mnyakyusa Mkristo asemapo Kyala leo, akimkusudia Muumba, hakosei. Ndivyo lugha zikuavyo. Lakini mtunga kamusi aandikaye "Kyala: Mungu" akaishia hapo, amefuta nusu ya historia ya neno.

Vivyo hivyo kwa abasyuka. Tafsiri ya "mizimu" humpeleka msomaji kuzimu, ilhali neno lenyewe lina uhusiano na kitenzi chenye maana ya kufufuka. Wanaotajwa ni wazee wa ukoo waliotangulia, ambao bado wana neno juu ya walio hai. Kuwaita "mashetani" ni kutoa hukumu, si kutafsiri.

Huenda ikasemwa kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba msamiati wa kila kabila. Ni kweli, wala hatuombi hivyo. Kiswahili kina "tambiko" na "dini ya jadi", maneno yanayotosha kueleza bila kudharau. Kwa hiyo tunapendekeza kwamba "upagani" usitumike kuwa jina la dini ya watu wowote. Kwamba majina kama Kyala na Lwembe yaachwe yalivyo na kufafanuliwa. Na kwamba kabla ya kuamua, wenye lugha waulizwe. Kiswahili kitakuwa lugha ya taifa zima pale kila mwananchi atakapojikuta ndani yake kwa jina ambalo yeye mwenyewe huliitikia.