Nukta Tatu Angani

Nukta tatu zisizolala kwenye mstari mmoja hupitiwa na duara moja tu. Euclid alionyesha namna ya kulichora yapata miaka 2300 iliyopita, na juu ya ukweli huo imesimama kazi isiyosifiwa vya kutosha: kuiandikia mashine ya kukata chuma tao lililoinama. Amri za kawaida, G02 kwa tao linalofuata mwendo wa saa na G03 kwa linalokwenda kinyume, humtaka fundi achague bapa kwanza, G17, G18 au G19, na yote matatu yamefungwa kwenye mihimili ya mashine. Ukingo wa tundu la duara kwenye uso wa chuma ulioinama haumo katika lolote kati ya hayo. Hata mwendo wa saa hupoteza maana huko, kwa kuwa tao lile lile hufuata saa ukilitazama upande huu, na hukaidi saa ukihamia upande wa pili. Amri ya CIP ya mitambo ya Siemens huyafungua mafundo yote kwa pamoja. Kisu tayari kipo kwenye nukta ya kwanza. Fundi hutaja nukta ya mwisho na moja ya kupitia, basi. Bapa, kitovu, nusu kipenyo na mwelekeo, mashine huvikokotoa yenyewe.

Wapo wanaosema ufundi huu umepitwa na wakati, maana kompyuta hulikata tao vipande vifupi vya mistari iliyonyooka. Tupige hesabu. Duara lenye nusu kipenyo cha milimita 50, likiruhusiwa kukosea milimita 0.01, linahitaji mistari 158, kila mmoja milimita 2 hivi. Amri mbili za CIP zingetosha (moja haitoshi, kwani duara zima huishia lilipoanzia). Tena ndani ya mistari ile 158 hakuna palipoandikwa kwamba hili ni duara. Atakayetaka kubadili kipenyo kesho hana pa kushika. Pingamizi lenye uzito ni jingine: nukta zilizosongamana hupotosha. Tao la nusu kipenyo cha milimita 500, ncha zake zikiachana milimita 20, limebenuka milimita 0.1 tu katikati. Andika 0.11 kwa bahati mbaya, na nusu kipenyo kinashuka hadi karibu 455. Kwa tao fupi namna hiyo, heri kuliinamisha bapa la kazi kwanza, kisha kutaja nusu kipenyo chenyewe. Kwa tao refu, iweke nukta ya kupitia karibu na katikati ya safari, usizikate desimali mapema, na ukiendeshe kisu hewani kabla hakijagusa chuma.